Maswali matano kabla ya bajeti

Kamati nyingi za miradi zikikutana huanza na swali moja: tutaomba shilingi ngapi? Andiko linaandikwa, majedwali yanajazwa, na baada ya mwaka mmoja mradi unasimama. Mara nyingi fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni mpango ambao kila mhusika anauelewa.

Hapa kwetu Uluguru tunao mfano mkubwa. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa matumizi ya ardhi katika milima hii. Tatizo lilikuwa la kweli, kwani mmomonyoko ulikuwa ukichukua udongo wa mashamba na kuupeleka mitoni. Wataalamu wakaamua kwamba wananchi wachimbe matuta ya ngazi, na amri ikatolewa. Lakini kazi ile ilikuwa nzito na haikuwa na malipo. Tena, mahali pengi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia na kuleta juu udongo usiozaa. Mwaka 1955 ghasia zilitokea Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mradi ukaachwa.

Ili kuepuka kupanga kwa namna hiyo, tunashauri kila kamati ijibu maswali matano kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi:

1. Tatizo ni lipi, na nani anasema ni tatizo? Kama ni ofisi tu inayosema, rudini kwa walengwa kwanza.

2. Tunataka nini kibadilike, na kufikia lini? Andikeni sentensi moja. "Kuboresha mazingira" si lengo. "Kufikia mwisho wa masika, kila kaya ya kikundi iwe na miche 20 ya matunda iliyoshika" ni lengo.

3. Nani atafanya nini? Kila shughuli iwe na jina la mtu na tarehe. "Kamati" si jina la mtu.

4. Nani atabeba gharama? Msihesabu fedha peke yake. Hesabuni siku za kazi, hasa za akina mama, na mwangalie kama zinagongana na msimu wa kupalilia. Ulizeni pia ardhi ni ya nani. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, hivyo anayelima shamba si lazima awe ndiye mwenye uamuzi wa kupanda miti ya kudumu.

5. Tutajuaje kwamba tumefanikiwa? Chagueni dalili moja au mbili ambazo mwanakikundi yeyote anaweza kuzihesabu mwenyewe.

Mradi wa mwaka 1950 ulikuwa na jibu zuri kwa swali la pili. Ulianguka kwenye swali la nne. Katika miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yalifanya kazi na wakulima wa eneo la Kibungo, katika bonde la Mto Ruvu. Matuta ya ngazi yalikuwemo tena, pamoja na upandaji wa miti. Tofauti ni kwamba wakulima walijiunga kwa hiari na kulipwa kwa kutunza chanzo cha maji, na miongoni mwa waliochangia malipo hayo ni DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji ya Ruvu jijini Dar es Salaam. Safari hii jasho la mkulima lilihesabiwa kuwa gharama.

Maswali haya yanafaa pia kwa kazi ndogo za ofisini, kama kuandaa semina, kununua pikipiki au kupanga upya stoo. Jaribuni kuyajibu kwa saa moja, watu wasiozidi sita, kabla ya kufungua jedwali la mfadhili. Kisha someni ukurasa huo kwa sauti mbele ya wale watakaofanya kazi. Wakinyamaza, msifurahi haraka. Waulizeni tena swali la nne.