Mkono Huwa Wako Lini?

Keti mezani na rafiki. Ficha mkono wako wa kushoto nyuma ya boksi, kisha mbele ya macho yako iwekwe glavu iliyojazwa vitambaa. Rafiki achukue brashi mbili ndogo za rangi na kuzipitisha kwa wakati mmoja, moja kwenye vidole vya glavu, nyingine kwenye vidole vyako vilivyofichwa. Wewe usiondoe macho kwenye glavu. Kwa watu wengi, baada ya dakika chache mguso huanza kusikika pale ilipo glavu. Rafiki akiinua nyundo ghafla juu yake, utashtuka kana kwamba ni wewe unayekaribia kupigwa.

Jaribio hili, kwa kutumia mkono wa mpira, lilielezwa mwaka 1998 katika jarida la Nature na Wamarekani wawili, Matthew Botvinick na Jonathan Cohen. Lenye kushangaza zaidi ni hili: brashi moja ikitangulia na nyingine ikichelewa, hisia ile hufifia au haiji kabisa. Maana yake ni kwamba ubongo hauna orodha iliyofungwa ya viungo vya mwili. Kila wakati hulinganisha kinachoonekana na jicho, kinachogusa ngozi na taarifa zitokazo kwenye misuli. Vikiafikiana, ubongo hutoa hukumu: hiki ni changu.

Hukumu hiyo hubaki hata kiungo kikiondoka. Daktari Silas Weir Mitchell, aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliandika habari za askari waliokatwa miguu lakini bado waliisikia ikiwauma. Leo pia, mtu aliyekatwa mguu kwa ajali ya bodaboda au kwa kisukari anaweza kulalamika kwamba anawashwa kwenye unyayo usiokuwepo. Ndugu wasimdhanie kachanganyikiwa: mguu umetoka, ila nafasi yake katika ubongo ingalipo.

Wanafalsafa nao wamelijadili swali la mwili. Katika karne ya 17, Mfaransa René Descartes aliufikiria mwili kama mashine, na roho kama kitu kingine kabisa. Mwaka 1945 Mfaransa mwenzake, Maurice Merleau-Ponty, alipinga wazo hilo. Alitoa mfano wa mtu asiyeona na fimbo yake: akishaizoea, haihisi tena fimbo kiganjani, bali huihisi njia kwenye ncha ya fimbo. Kwa Merleau-Ponty, mwili ndio njia yetu ya kuwamo duniani, na mipaka yake hupanuka kwa mazoea. Wanaotengeneza viungo vya kiroboti wamejikuta wakirudi kwenye hoja hiyo.

Kwa miaka mingi mikono ya kiroboti ilipimwa kwa nguvu na wepesi wa vidole. Lakini mwaka 2013, mjini Rome, wataalamu walipandikiza elektrodi ndani ya mishipa ya fahamu ya Dennis Aabo Sørensen, Mdenmaki aliyepoteza mkono wake wa kushoto katika ajali ya fataki. Vihisio vya mkono bandia vikapeleka habari za mguso moja kwa moja kwenye mishipa hiyo. Akiwa amefungwa macho na kuzibwa masikio, aliweza kutambua umbo la kitu alichokishika, na kama ni kigumu au laini. Baada ya takriban mwezi mmoja elektrodi ziliondolewa, kwa kuwa kanuni za majaribio zilitaka hivyo.

Mwili pia hukubali kuongezwa. Mwaka 2021, London, watafiti Dani Clode, Tamar Makin na wenzao waliwavisha watu dole gumba la ziada, linaloendeshwa kwa kukandamiza vidole gumba vya miguu. Kwa mazoezi ya siku 5 waliweza kushika vitu kadhaa kwa mkono mmoja. Lakini picha za ubongo zilionyesha badiliko: ramani ya mkono wao halisi ilikuwa imesogea kidogo, vidole vikawa havitofautiani sana kama awali. Ukimwongeza mpangaji, chumba hupangwa upya.

Basi kiungo huwa chako kwa kukitumia na kukihisi. Sheria na biashara huhesabu kwa namna nyingine, kwa risiti na mkataba, na hapo ndipo penye mvutano wa zama hizi. Kampuni moja ya Marekani iliwapandikizia vipofu elektrodi machoni ili waone angalau mwanga na vivuli. Watu zaidi ya 350 duniani walikuwa nazo kampuni ilipopata shida ya fedha na kuacha kuzihudumia. Kifaa kilipoharibika, mwenye jicho hakuwa na pa kwenda.

Kwa hiyo anayeletewa kiungo cha kisasa, awe Dar es Salaam au Berlin, asiulize tu kina nguvu kiasi gani. Aulize nani atakitengeneza kikiharibika, vipuri vinapatikana wapi, programu yake ni mali ya nani, na kampuni ikifunga milango itakuwaje. Mfano upo mjini Moshi, Tanzania: kwenye chuo cha TATCOT, mafundi wa viungo bandia wamefunzwa tangu miaka ya 1980 kupima kigutu, kutengeneza mguu unaokitosha vizuri, na kuurekebisha unapouma. Mguu wao hauna kompyuta, lakini una fundi anayejulikana. Sheria itakayotungwa kwa ajili ya mikono ya kiroboti ianzie hapo: kilichokwisha kuwa mwili wa mtu kisihesabiwe tena kuwa bidhaa ya kampuni.