FISI ANAPODAI KODI YA MIEZI SITA

Wiki hii tuache kidogo habari za nani kamfumania nani, tuongee kuhusu wanyama. Siyo wale wa Mikumi, hapana. Nasema wale wa kwenye katuni, wanaovaa suruali na kudaiwa madeni kama mimi na wewe.

Freddy Milton, mchoraji wa Denmark, alitunga katuni inayoitwa Gnuff. Wahusika wake ni familia ya majoka, ila yanaishi kama watu, na humo humo anazungumzia matatizo ya jamii. Miaka ya 1980 majoka hayo yalivuka mpaka Marekani, kwenye jarida la Critters, lililojaa katuni za wanyama wanaoongea.

Utaniuliza, majoka ya Wazungu yanatuhusu nini sisi wa Tandika na Mwananyamala? Yanatuhusu, maana mchezo huo ni wetu toka zamani. Mmisionari Edward Steere alipochapisha ngano za Zanzibar mwaka 1870, mlikuwamo kisa cha kima na papa. Papa anautaka moyo wa kima, kima anamwambia, bwana we, moyo nimeuacha mtini, nirudishe nikauchukue. Alipofika mtini, kwaheri! Mnyonge kamshinda mwenye meno kwa mdomo tu.

Wachoraji wetu nao waliwaficha wanyama kwenye majina. Waliosoma SANI, ambako marehemu Philip Ndunguru alichora miaka ya 1980, wanamkumbuka Pimbi. Ni mtu, lakini jina ni la kale kamnyama ka kwenye mawe. Ndumilakuwili je? Hilo ni jina la nyoka anayedhaniwa ana vichwa viwili, na mtaani tunamjua mtu wa namna hiyo: huku anakuchekea, kule anakuchongea. Hata Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwenye Taifa Leo, na kalulu kwa Wachewa ni sungura.

Kwa nini mnyama? Jibu liko uswahilini. Huku tunaishi kwa kubanana, choo kimoja, bomba moja, ukuta wa chumba mwembamba. Ukimtaja mtu kwa jina, umenunua ugomvi, na kesho unamhitaji akuazime ndoo.

Nyumba moja niliyopanga Temeke, mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na choo kimejaa. Wapangaji wote tulinung'unika vyumbani, hakuna aliyethubutu kumkabili. Siku moja mtoto wa mpangaji mwenzetu akachukua mkaa, akachora ukutani fisi ameshika kitabu cha risiti, nyuma yake choo kinafurika. Mzee alipokuja akasimama, akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu akauliza, "Sasa huyu fisi ni nani?" Kimya! Kodi haikupungua hata shilingi. Lakini wiki ile ile mama mmoja alipata ujasiri, akamwambia, "Shikamoo baba. Yule fisi wa ukutani anaulizia choo chake." Gari la kunyonya maji machafu likaja. Unaona? Yule mama angetaja jina, angehamishwa.

Ndiyo maana nasikitika kuona vijana wetu wenye mikono ya dhahabu wanachora simba wa kuuzia watalii tu. Wamchore kunguru wa Dar! Huyo ndugu asili yake India, akaletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka, leo kajaa mji mzima anaiba vifaranga. Mpe shati na simu, mweke kwenye jalala la Tandale, aulize nani alikula hela ya kuzoa taka. Wamchore chura wa bonde la Msimbazi anayehesabu masika mangapi maji yameingia hadi kitandani. Chura hafunguliwi kesi, bwana.

Ila washikaji, angalizo. Msifanye kila mnene kiboko na kila mwanamke nyoka. Huko ni kutukana watu, siyo katuni. Mnyama mzuri ni yule ambaye msomaji akimcheka, katikati ya kicheko anajishika kifua na kujiuliza: huyu si mimi?

Haya, tukutane wiki ijayo. Na kama mwenye nyumba wako ni fisi, msalimie.