Mchezo wa video: kopi milioni 3,4 zimeuzwa, lakini faida iko wapi?

Mwezi wa tatu 2013, Square Enix ya Japani ilitoa mchezo Tomb Raider. Katika wiki nne kopi milioni 3,4 ziliuzwa, lakini kampuni ikasema ni chini ya ile ilitarajia. Inawezekana namna gani?

Kule Marekani beyi ilikuwa karibu dola 60. Hazifiki zote kwa mwenye mchezo: butiki inakata yake, Sony ao Microsoft wenye mashine nao wanakata. Kwenye maduka ya intaneti, mara nyingi ni asilimia 30. Tena mamia ya watu wanalipwa mshahara kwa miaka, mbele hata kopi moja iuzwe. Muuza unga akikosa wateja, unga unabaki. Huku mishahara ilishaliwa.

Njo maana wanategemea sana kopi za siku za kwanza, mbele beyi haijashuka. Tomb Raider iliingia katika faida mwisho wa mwaka ule. Concord ya Sony haikupata muda huo: ilitoka mwezi wa nane 2024, ikafungwa kisha wiki mbili, wanunuzi wakarudishiwa feza. Mwezi wa kumi Sony ikatangaza kufunga Firewalk, studio iliyoitengeneza.