Mafua ya msimu mpakani: soma jina dogo kwenye boksi

MVUA zikianza kukatika kuelekea Juni, ukitoka Ngara hadi Kabanga kisha ukavuka Kobero kuelekea Muyinga, utaziona nyasi ndefu za kuezekea zimetoa vichwa kila upande wa barabara. Upepo ukizitikisa, vumbi jepesi la rangi ya manjano huinuka. Hiyo ni chavua, yaani vumbi la maua. Wengi hawaioni kabisa. Sisi wachache hatuna haja ya kuiona, kwa sababu pua imeshatuambia.

Mimi ni mmoja wao. Kazi yangu hunivusha mpaka huo mara kadhaa kwa mwaka, na kila msimu wa nyasi nakutana na wenzangu: mwuza maharage mwenye macho mekundu kama aliyelia, kijana wa pikipiki anayepiga chafya kumi mfululizo, mama wa mitumba anayejifuta pua kwa kona ya kitenge. Ukimwuliza anaumwa nini, atakujibu, "Ni mafua tu, ndugu yangu, yamekataa kuisha."

Mafua hayo hayaishi kwa sababu si mafua. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, hukupa uchovu na pengine homa, na kwa kawaida siku saba hadi kumi huwa yameondoka. Haya mengine ni mzio, au aleji kama wengi tunavyosema. Mwili unaichukulia chavua kama adui, unamwaga kemikali iitwayo histamini, na hapo pua inachuruzika maji meupe, macho yanawasha, hata kaakaa linawasha. Homa hakuna, ingawa Wazungu wanauita ugonjwa huu homa ya nyasi kavu. Jina hilo ni la zamani. Daktari John Bostock wa London alieleza dalili zake mwaka 1819, akitumia mwili wake mwenyewe kama mfano, lakini asili ya ugonjwa hakuijua. Ni Charles Blackley wa Manchester aliyejijaribia chavua ya nyasi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1873.

Neno kwa waliorudi nyumbani. Nimesikia mara nyingi mtu akisema, "Kule kambini sikuwa na shida hii, nimerudi kwetu ndiyo imenianza, labda nimerogwa." Hapana, mzee wangu. Mwili hauanzi ugomvi na chavua siku ya kwanza. Sharti ukutane nayo kwanza. Ndiyo maana mtu anaweza kuhamia sehemu yenye nyasi na miti tofauti, akakaa msimu mmoja au miwili salama, kisha wa tatu ukamwangusha. Hali hiyo imeonekana pia kwa watu waliohamia Ulaya na Marekani. Si uchawi, wala si dalili kwamba ardhi ya kwenu imekukataa.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapo ndipo penye hatari.

Kidonge kinachojulikana kuliko vyote pande hizi ni kile kidogo cha miligramu 4 ambacho wengi wanakiita piritoni. Jina lake halisi la dawa ni chlorpheniramine. Kinakausha pua, sikatai. Lakini kinaleta usingizi, na hata ukikimeza usiku asubuhi yake unaweza kuamka kichwa kizito na mikono imechelewa. Kwa mtu anayekaa nyuma ya meza, pengine ni usumbufu tu. Kwa anayeendesha lori la mahindi kwenye kona za milimani, au pikipiki yenye abiria wawili na gunia, ni jambo la roho.

Na mpakani kuna mtego ambao sijasikia ukizungumzwa sana. Upande wa Tanzania boksi huandikwa kwa Kiingereza: chlorpheniramine. Ukivuka Burundi, au ukiendelea hadi Uvira, Kongo, unaweza kuuziwa boksi la Kifaransa lililoandikwa chlorphénamine. Ni dawa ile ile. Mtu aliyemeza moja asubuhi Kabanga, pua isipotulia, anaweza kununua "ile nyingine" ng'ambo akidhani ameongeza nguvu mpya, kumbe amerudia dozi. Na bado vidonge na sharubati nyingi za mafua zina dawa hiyo hiyo ndani yake pamoja na ya maumivu. Ukihesabu, mtu huyo amemeza mara tatu, naye ndiye ameshika usukani.

Kwa hiyo soma jina dogo, lile lililoandikwa chini ya jina kubwa la biashara. Kama maandishi yanakusumbua, mwombe muuza dawa akusomee. Hana sababu ya kukunyima.

Dawa ninayotumia mimi ni setirizini ya miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku. Loratadini nayo ni ya miligramu 10, mara moja kwa siku. Zote mbili ni za kizazi cha baadaye na hazilazi mtu kama ile ya zamani, ingawa setirizini huwasinzisha baadhi ya watu. Ijaribu kwanza siku ambayo huna safari. Kiwango hicho ni cha mtu mzima. Mtoto apimiwe na mhudumu wa afya, na vivyo hivyo mama mjamzito au mwenye ugonjwa wa figo.

Kama pua imeziba kwa wiki nyingi, vidonge peke yake mara nyingi havitoshi. Dawa yenye nguvu zaidi ni ile ya kupuliza puani yenye steroidi kidogo, kama beclometasone au fluticasone. Tatizo ni kwamba wengi wanapuliza siku mbili, hawaoni kitu, wanaitupa. Hii si dawa ya dakika moja. Inahitaji kutumika kila siku, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua hadi wiki mbili. Mwenye busara huanza kabla nyasi hazijatoa vichwa. Inamisha kichwa kidogo mbele, elekeza ncha upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua, usije ukatoa damu.

Usiichanganye na matone ya kuzibua pua papo hapo, yale ambayo ukidondosha unapumua mara moja. Hayo ni ya siku chache, zisizidi tano hivi. Ukizidisha, pua inazoea, inavimba zaidi kila dawa inapokwisha nguvu, na unajikuta huwezi kulala bila kichupa. Nimemwona dereva mmoja anavyo vitatu kwenye dashibodi, anasema ana nyama za pua. Inawezekana anazo, lakini vichupa navyo vinahitaji kuulizwa.

Kuna pia sindano na vidonge vya steroidi vinavyotolewa vichochoroni, vingine vikiwa vimefungwa kwenye karatasi bila jina. Msomaji, viache. Vinatuliza kweli, lakini vinaweza kupandisha sukari na presha na kulegeza mifupa. Matone ya macho yenye steroidi nayo yanaweza kupandisha presha ya jicho hadi upofu, usiyatumie bila daktari wa macho.

Vya bei rahisi havichekeshi hata kidogo. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, ukaoshea pua jioni, huondoa chavua iliyobaki. Maji yawe yamechemshwa kweli, si ya mtoni. Mafuta ya mgando ukipaka kwenye mdomo wa pua hunasa vumbi kabla halijaingia. Nguo usianike juu ya nyasi au ua kama tulivyozoea. Tumia kamba, na msimu ukikolea anika ndani. Ukifika nyumbani nawa uso na ubadili shati kabla hujalala. Antibiotiki hazina kazi hapa, kwa hiyo usipoteze pesa zako.

Mama wa mitumba niliyemtaja ana jambo lake. Yeye hupiga chafya hata mvua ikinyesha, kila anapofungua robota. Hiyo inaelekea kuwa vumbi na wadudu wadogo sana wa nguo, si nyasi, na kwake kitambaa puani wakati wa kufungua robota kinasaidia kuliko kungoja kiangazi kipite.

Ukianza kubanwa kifua, kupumua kwa mluzi au kukohoa sana usiku, huenda pumu imeingia, na mzio wa pua ulioachwa huizidisha. Nenda kituo cha afya. Na kikohozi kilichofika wiki mbili, hasa kikiwa na makohozi, jasho la usiku au kukonda, usikiite aleji. Omba upimwe kifua kikuu. Kwenye vituo vya serikali, Tanzania na Burundi pia, kipimo hicho na dawa zake ni bure.