Safari ya biashara Komoro: Panga fedha ya kurudi kabla ya mzigo kuondoka

Mfanyabiashara anayepeleka mzigo Komoro kwa mara ya kwanza huuliza mambo mawili: nauli na ushuru. Lipo jambo la tatu linaloweza kumgharimu zaidi, nalo ni namna ya kurudi na fedha yake baada ya kuuza.

Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko kisiwa cha Ngazija, uko umbali wa kilomita 700 hivi kutoka Dar es Salaam. Dini, kanzu na kofia ni zile zile za Unguja, na Kikomoro ni ndugu wa Kiswahili. Hata hivyo, taratibu za ofisini ni tofauti kabisa. Komoro si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nyaraka nyingi za serikali ni za Kifaransa, na fedha yake haitumiki kwingine.

Faranga na euro

Tangu mwaka 1999 faranga ya Komoro imefungamanishwa na euro kwa kiwango kisichobadilika cha faranga 491.97 kwa euro 1. Kwa muuzaji hiyo ni nafuu, kwa kuwa faranga haiyumbi mbele ya euro. Lakini aliyenunua bidhaa kwa shilingi au dola bado anabeba hatari ya viwango vya fedha hizo dhidi ya euro.

Tatizo hujitokeza wakati wa kuondoka. Faranga si fedha ambayo maduka ya kubadili fedha Dar es Salaam au Mombasa huinunua kwa kawaida. Chukua mfano wa mtu aliyeuza mzigo kwa faranga 5,000,000. Kwa kiwango rasmi hizo ni euro 10,163. Akikosa euro benki na kuzinunua kwa haraka kwa faranga 510 kila moja, atapata euro 9,804. Euro 359 zimepotea kabla hajapanda ndege, na huenda ndiyo faida yote ya safari.

Njia salama ni kukubaliana na mnunuzi, kwa maandishi na kabla mzigo haujapakiwa, kwamba malipo yatafanywa kwa euro kupitia benki, na sehemu ya malipo itangulie. Akaunti ya fedha ya simu ya Tanzania au Kenya isitegemewe huko. Anayebeba fedha taslimu akumbuke pia kwamba Tanzania inamtaka msafiri atoe taarifa mpakani akiwa na kiasi kinachofikia dola 10,000 za Marekani au thamani yake.

Bandari na siku za kusubiri

Bandari ya Moroni ina kina kifupi. Meli kubwa hutia nanga nje na mzigo huteremshwa kwa matishari. Bahari ikichafuka, kazi husimama. Bandari yenye kina ni Mutsamudu, kisiwani Anzuani, lakini mzigo unaoshushwa huko kwa ajili ya Ngazija unahitaji chombo kingine na gharama nyingine.

Kwa hiyo mwenye chombo anapaswa kuweka siku za kusubiri katika hesabu ya nauli, na mkataba ueleze nani analipia siku hizo. Mwenye bidhaa zinazooza, kama vitunguu na matunda, ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Aidha, Komoro huagiza bidhaa nyingi kuliko inazouza nje. Karafuu, vanila na mafuta ya langilangi ni mali ya thamani, lakini hazijazi meli. Msafirishaji asipange nauli kwa kutegemea mzigo wa kurudi.

Hati

Pasipoti ni lazima. Kitambulisho cha taifa hakitoshi. Viza kwa kawaida hutolewa mtu anapofika, kwa malipo, hivyo ni vyema kuwa na euro taslimu za noti ndogo. Ankara na orodha ya mzigo ziandaliwe kwa Kifaransa, na wakala wa forodha apatikane mapema.

Kuhusu ushuru, Komoro imo katika eneo huru la biashara la COMESA, hivyo bidhaa za Kenya zenye cheti cha asili zina nafasi ya kunufaika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Komoro ilijiunga na SADC mwaka 2018, lakini uanachama huo peke yake si msamaha wa ushuru, kwa kuwa biashara ndani ya SADC ina itifaki yake. Mwenye mchele aulize kwanza: uagizaji wa mchele wa kawaida umekuwa kwa muda mrefu mikononi mwa shirika la serikali, ONICOR.

Ukaguzi wa afya nao usipuuzwe. Februari 2024 Komoro ilitangaza mlipuko wa kipindupindu baada ya chombo kilichotoka Tanzania kufika Moroni kikiwa na wagonjwa.

Majira

Miezi ya Novemba hadi Aprili ni ya joto, mvua na vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazija Aprili 2019, na Chido kilipiga eneo hilo Desemba 2024. Mei hadi Oktoba ni kipindi cha ukavu, ingawa upepo wa kusi nao husumbua vyombo vidogo.

Julai na Agosti Wakomoro wanaoishi Ufaransa hurudi kwa ajili ya harusi kubwa za kimila, na mahitaji ya vyakula, nguo na mapambo hupanda. Mzigo wa msimu huo ufike kabla, si katikati yake. Ijumaa ofisi hufungwa mapema kwa sala, na Ramadhani kazi hupungua kasi.

Mwisho, viza ya Komoro haimruhusu mtu kuingia Maore, ambayo iko chini ya Ufaransa. Boti ndogo zinazovuka kwa siri kutoka Anzuani zimeua watu wengi. Anayeambiwa kuna soko zuri upande wa pili atafute viza ya Ufaransa kwanza, au abaki na wateja wake wa Mutsamudu.