Mashine za Gololi kutoka Sydney
Dune: Imperium, mchezo wa mezani uliobuniwa na Paul Dennen na kutolewa mwaka 2020, huunganisha mbinu mbili za mkakati: kila mchezaji hujijengea taratibu fungu lake la kadi, na wakati huohuo hutuma vipande vinavyowakilisha wajumbe wake kushika nafasi za ubaoni kabla ya wapinzani. Phil Walker-Harding, mbunifu wa Sydney, Australia, alikuwa amepita njia iliyo jirani, ile ya kujijengea kadi taratibu, katika Gizmos, mchezo wa mwaka 2018 ambamo wachezaji ni wavumbuzi na nishati yao ni gololi za rangi nne, ambazo huteremka kutoka kwenye chombo na kujipanga, sita zikionekana na wote. Gololi hulipia kadi za mashine, na hapa ndipo ulipo uzuri halisi wa mchezo huu: mashine iliyojengwa hufanya kazi kila tendo linaloiamsha linapofanyika, hivyo kuchagua gololi moja nyekundu kunaweza kumpa mchezaji nyingine ya bahati nasibu. Mchezo hukaribia mwisho mmoja anapojenga mashine ya 16, au ya nne ya daraja la tatu, lakini duru hukamilishwa kwanza ili wote wapate zamu sawa.