Fahamu: Kwa nini video hucheza kompyutani na kugoma kwenye simu

Video ikigoma kwenye simu, lawama huangukia mtandao. Mara nyingi mkosaji ni kodeki, yaani kanuni ya kubana picha na sauti, na nyuma yake kuna ugomvi wa hataza. Aprili 2010 Steve Jobs alieleza kwa barua ya wazi kwa nini iPhone haipokei Flash, programu ya Adobe iliyochezesha video kwenye vivinjari. Adobe yenyewe iliizika mwishoni mwa 2020. Nafasi yake ilichukuliwa na HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, iliyoleta alama ya video bila kutaja kodeki ya lazima, na hapo ndipo mambo yalipoharibika: Apple ikashikilia kodeki ya H.264 yenye hataza, Mozilla ikaikataa kwa miaka, Google ikatoa muundo wake wa video, WebM.

Wapo wasemao kodeki ya AV1 ya mwaka 2018, isiyotozwa ada, imemaliza mzozo. Bado. Simu isiyo na chipu ya kuifungua huitwisha prosesa mzigo huo, betri ikaisha upesi. Na simu za bei nafuu hazibadilishwi kila mwaka. Mwenye tovuti na atangulize AV1, kisha MP4 ya H.264. Ni kweli, gharama ya kuhifadhi itapanda, ila kivinjari hupakua faili moja tu: la kwanza kinaloliweza.